Njia ya Makambako, Kizimba cha Njombe

Basi liliondoka Stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, saa kumi na mbili asubuhi, na kabla hatujafika Chalinze baba mdogo alikuwa ameshapiga simu zaidi ya mara moja. Maswali yake yalikuwa mawili: nimefika wapi, na je, ni kweli kwamba mtu akikubali kosa hakimu humwonea huruma? La kwanza nilimjibu kila mara. La pili nikamwambia, "Baba, hilo tutalizungumza nikifika."

Baba yangu mzazi alikuwa mtu wa Makambako. Aliondoka kijana, akaenda Tanga kwenye mashamba ya mkonge kama Wabena wengi waliomtangulia, akaoa huko na akazikwa huko. Sisi watoto wake tulikua na jina la ukoo la Kibena na Kiswahili cha pwani. Makambako tuliijua kwa masimulizi yake: upepo usiokatika, viazi, treni ya TAZARA ikipanda kutoka Mlimba. Mimi sikuwahi kufika. Nimefika kwa mara ya kwanza Juni mwaka huu, wala sikwenda kusalimia ndugu. Mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, alikamatwa usiku wa Ijumaa akiwa utingo kwenye lori la mbao, na Jumatatu angepandishwa kizimbani Njombe. Ukoo mzima unajua kwamba naandika habari za mahakama Dar es Salaam. Kwao hilo lilitosha. "Wewe ndiye unayezijua hizo njia," baba mdogo alisema.

Nazijua kwa kuzitazama. Nimekaa sana kwenye benchi la waandishi katika mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, na swali la baba mdogo nilikuwa nalo tangu mwaka 2019. Septemba 22 mwaka ule Rais John Magufuli aliwapa siku saba watuhumiwa wa uhujumu uchumi na utakatishaji fedha: anayetaka kukiri na kurejesha fedha, aandike barua. Siku zilipokwisha, Mkurugenzi wa Mashtaka wa wakati ule, Biswalo Mganga, alimpelekea taarifa kwamba watu 467 wamekubali, na fedha zilizoahidiwa kurejeshwa zilifika shilingi bilioni 107.8. Muda ukaongezwa. Mwaka huohuo Bunge lilipitisha Sheria Namba 11 ya 2019, ambayo ndani yake Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ilipata vifungu vipya vya makubaliano ya kukiri kosa: mshtakiwa na upande wa mashtaka wanazungumza, wanaandikiana, kisha wanalipeleka andiko lao mbele ya mahakama.

Kesi iliyonikaa moyoni kuliko zote ni ya mwandishi mwenzetu, Erick Kabendera. Alikamatwa Julai 2019. Katika mashtaka yake lilikuwamo la kutakatisha fedha, na kosa hilo halina dhamana. Desemba mwaka ule mama yake alifariki, yeye akiwa mahabusu. Februari 24, 2020 alitoka, baada ya makubaliano na upande wa mashtaka: shtaka la genge la uhalifu liliondolewa, akakiri la kodi na la kutakatisha fedha, akalipa fedha zilizotajwa. Nimeyafikiria mambo hayo mara nyingi. Mtu aliye ndani kwa kosa lisilo na dhamana huacha kuipima hatia yake, akapima siku zilizobaki. Mkataba unaoandikwa katika hali hiyo unaweza kuwa halali kwa kila mstari wake na bado ukaniacha bila kujua ukweli ulikuwa upi.

Mikumi tulipita taratibu, kwa sababu mabango ya hifadhi yanaamuru hivyo na dereva alikuwa mtu wa kutii mabango. Ruaha Mbuyuni wachuuzi walipandisha vitunguu madirishani. Kisha Kitonga: barabara inajikunja juu ya bonde, malori yanashuka kwa gia nzito, na ndani ya basi watu wanaacha kuongea. Tulipomaliza kupanda, hewa ilikuwa nyingine. Mama aliyekaa kando yangu alitoa sweta kwenye mfuko wake akanitazama mimi niliyevaa dera jepesi. "Mwanangu, hukuambiwa?" akasema, akanipa khanga yake ya pili.

Alikuwa mfanyabiashara wa parachichi, anarudi kwake Njombe. Nilipomweleza safari yangu hakushangaa hata kidogo. "Mwambie huyo kijana akubali yaishe," alisema. "Mume wangu alishikwa mwaka fulani kwa habari ya moto ulioingia msitu wa watu. Akakubali, tukalipa faini, siku ya pili yuko shambani."

Nikamuuliza kama kweli mume wake ndiye aliyewasha moto ule.

"Hakuwasha," alisema. "Lakini ulikuwa msimu wa kupanda viazi. Shamba lilikuwa linamsubiri."

Alilisema kwa sauti ya kawaida kabisa, akarudi kwenye karanga zake. Kwa muda wote tuliokatiza Ilula kwenye nyanya, tukapita chini ya mji wa Iringa, niliendelea kumtazama pembeni na kufikiri: mtu mmoja katika nchi hii ana hatia iliyoandikwa kwa jina lake kwa kosa ambalo mke wake anaapa hakulitenda, na nyumba yao imelipokea jambo hilo kama gharama ya msimu. Sikuwa na la kumlaumu. Gunia la mbegu lilikuwa linaoza, na kesi ingeahirishwa miezi.

Baada ya Mafinga ndipo nilipoanza kuielewa kesi ya mdogo wangu. Shamba la miti la Sao Hill, kubwa kuliko yote nchini, linaandamana na barabara, misindano imesimama kwa mistari hadi jicho linachoka. Ukanda huu wote unaishi kwa mbao. Watu wana miti yao mashambani, Serikali ina yake, kampuni zina zao, na mbao zikishapasuliwa zote zinafanana. Kinachozitofautisha ni karatasi: kibali cha kuvuna na hati ya kusafirishia, ambavyo maofisa wa Wakala wa Huduma za Misitu huvikagua kwenye mageti ya maliasili. Lori lisilo na karatasi linashikwa, na wote waliomo wanashikwa pamoja nalo. Shtaka linatoka kwenye Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, kupatikana na mazao ya misitu bila kibali. Dereva wa lori la mdogo wangu alikuwa ameshuka gizani na kukimbia. Akabaki utingo.

Makambako tulifika jua likiwa linazama. Basi lilinishusha karibu na njiapanda, pale barabara kuu ya kwenda Mbeya na Tunduma inapoachana na ile inayoshuka kwenda Njombe na Songea. Malori ya Zambia na Kongo yalikuwa yamejipanga kando, matanboi wakikagua matairi kwa nyundo, na moshi wa mishkaki ulikuwa unalazwa chini na upepo. Marehemu baba hakutia chumvi: upepo ule unaingia kwenye mkono wa nguo na kutokea shingoni. Baba mdogo alinitambua kabla sijamtambua. Ana paji la uso la baba, na ule mwendo wa kutanguliza bega. "Kamwene," alisema, na mimi nikaitikia kwa neno lilelile, maana baba alitufundisha walau hilo. Akanishika mikono yote miwili akanyamaza kwa muda.

Nyumbani kwake ukoo ulikuwa umekaa kwenye sebule ya matofali, jiko la mkaa katikati, sufuria ya viazi vya kuchemsha ikipita mkono kwa mkono. Walinisalimu kwa foleni, shangazi wakubwa kwa wadogo, kila mmoja akinieleza undugu wetu unapitia wapi. Walipomaliza, baba mdogo akafungua kitambaa mezani. Zilikuwa noti zilizokunjwa kwa ukubwa mbalimbali. Alikuwa ameuza viazi vyake vyote vilivyokuwa ghalani, lumbesa juu ya lumbesa, kwa bei ya mtu mwenye shida. Shangazi mkubwa alitoa akiba ya kikoba. Hizo ndizo fedha za faini. Mpango ulikuwa umeshapangwa: kijana akubali, hakimu atoe faini, walipe, Jumatatu jioni awe nyumbani.

Niliuliza kama kuna mtu aliyemuuliza yeye mwenyewe alichofanya.

Baba mdogo alikuwa amempelekea chakula kituoni. Aliongea naye kidogo sana, kijana akamwambia amechoka na kwamba waliolala naye ndani wamemshauri akubali. Hilo tu.

"Mwanangu," alisema shangazi mkubwa, "hapa kwetu mtu akishitakiwa barazani anakubali, anatoa alichoambiwa atoe, wanapeana mikono, yanaisha. Anayebisha ndiye anayezirefusha kesi."

Nilimjibu kwa heshima, na ningependa kulirudia jibu hilo hapa kwa sababu ndilo lililonipeleka Makambako hata kama sikujua wakati napanda basi. Barazani, ukikubali, yanaisha. Mahakamani, ukikubali, ndipo yanapoanza. Hakimu akishaipokea kauli yako, hakuna shahidi atakayeitwa, hakuna ofisa wa misitu atakayeulizwa aliipima vipi ile mbao wala lori lilikuwa la nani. Unatiwa hatiani hapohapo. Faini ni huruma ya siku ile, tena haina uhakika, kwa sababu sheria inampa hakimu nafasi ya kufunga pia. Na rufaa dhidi ya kutiwa hatiani mlango wake unafungwa: aliyekiri mwenyewe anaruhusiwa kulalamikia adhabu tu, ukubwa wake au uhalali wake. Kijana ana miaka ishirini na kitu, anataka leseni, anataka kuendesha malori hayohayo ya Tunduma. Siku atakapoombwa cheti cha polisi kuhusu makosa ya nyuma, hakuna atakayekumbuka kwamba viazi viliuzwa ili yaishe.

Shangazi alisikiliza. Kisha akauliza swali ambalo wanasheria wamelijadili miaka na miaka: "Sasa kama hakufanya, hakimu atajuaje, ikiwa yeye kasema amefanya?"

Jibu la swali hilo lina historia ndefu kidogo. Mwaka 1973 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, katika shauri la Adan dhidi ya Jamhuri, iliweka hatua ambazo mahakama za Kenya na Tanzania zinazirejea hadi leo. Shtaka lisomwe na kufafanuliwa kwa lugha anayoielewa mshtakiwa, kila kipengele chake. Jibu lake liandikwe kwa maneno yake mwenyewe, kwa kadiri inavyowezekana. Kisha, na hapa ndipo penye uzito, upande wa mashtaka usimulie tukio lilivyokuwa, na mshtakiwa aulizwe kama anayakubali masimulizi hayo au ana la kuongeza. Akiongeza neno ambalo likiwa kweli linamwondolea hatia, kukiri kwake kunafutwa, inaandikwa kwamba amekana, na kesi inasikilizwa. Miaka kumi baadaye, mwaka 1983, Jaji Barnabas Samatta, aliyekuja kuwa Jaji Mkuu, alieleza katika shauri la Laurent Mpinga milango minne ambayo aliyekiri bado anaweza kupitia kwenye rufaa: kwamba kauli yake ilikuwa na utata au haikukamilika, kwamba alikiri kwa kutoelewa, kwamba shtaka lenyewe halikuwa kosa kisheria, au kwamba hata kwa yale aliyoyakubali, sheria isingeweza kumtia hatiani.

Marekani, ambako katika mahakama za shirikisho takribani washtakiwa tisa kati ya kumi humaliza kesi zao kwa kukiri, jaji anatakiwa azungumze na mshtakiwa ana kwa ana mbele ya watu, ajiridhishe kwamba hakutishwa, anaelewa haki anazoziacha, na kuna ukweli wa tukio nyuma ya kauli yake. Sheria yetu ya 2019 inataka jambo linalofanana kwa wale wenye makubaliano ya maandishi: mahakama imhoji mshtakiwa chini ya kiapo, imweleze haki zake moja baada ya nyingine. Kisutu nimeyaona hayo yakifanyika kwa watu wenye mawakili watatu watatu. Nilikuwa sijawahi kuona yanavyofanyika kwa utingo asiye na wakili.

Shangazi akasema, "Basi twende tukaone."

Alfajiri tulipanda Kosta kuelekea Njombe, mimi, baba mdogo na shangazi mkubwa, fedha zikiwa zimefungwa kiunoni mwa shangazi. Barabara inapanda na kushuka kwenye vilima vya kijani ambavyo sikutegemea kuviona Juni, wakati huku pwani majani yanaanza kukauka. Ukungu ulikuwa umelala mabondeni. Karibu na Kibena mashamba ya chai na miwati yalikuja pande zote mbili, wachumaji wakiwa tayari na vikapu mgongoni, makoti ya mvua juu ya makoti ya baridi. Baba mdogo hakutazama nje hata mara moja.

Karandinga lilifika mahakamani saa tatu. Mdogo wangu alishuka wa mwisho, kandambili miguuni katika baridi ile, fulana yenye nembo ya kiwanda cha mbao. Nilikuwa namjua kwa picha za simu tu. Nilimwomba askari dakika mbili. Alinikatalia kwa upole, akasema niongee naye baada ya shtaka kusomwa. Kwa hiyo lolote lililotokea ndani lilitokea bila mimi kumwambia chochote.

Kabla yake alipandishwa kijana aliyeshitakiwa kuiba simu kwenye kilabu cha ulanzi. Akasema ni kweli. Mwendesha mashtaka akaeleza: siku, mahali, simu ya aina gani, ilivyokutwa mfukoni mwake. Simu ikaonyeshwa. Hakimu, mama wa makamo mwenye miwani, akamuuliza kama yote aliyoyasikia ni sahihi au kuna la kusahihisha. "Yote sahihi, Mheshimiwa. Nilikuwa nimelewa, lakini nilijua si yangu." Hakimu akaiandika kauli hiyo yote, taratibu, hadi neno la mwisho, ndipo akamtia hatiani. Naona hivyo ndivyo kukiri kunavyopaswa kuwa. Yule kijana alilibeba kosa lake mwenyewe, na mahakama ikalipokea likiwa limekamilika.

Kisha jina la mdogo wangu likaitwa. Karani akasoma shtaka.

"Umelielewa?"

"Nimelielewa, Mheshimiwa."

"Ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli."

Shangazi alinishika goti. Baba mdogo akainamisha kichwa, nadhani kwa nafuu. Hakimu akaandika, akamgeukia mwendesha mashtaka. Naye akasimulia: kwamba usiku wa tarehe hiyo, katika barabara hiyo, mshtakiwa alikutwa ndani ya lori lenye mbao za paini, kwamba alitakiwa aonyeshe kibali na hati ya kusafirishia, akashindwa, kwamba mbao zilikuwa mikononi mwake naye akijua hazina kibali. Yalikuwa maelezo mafupi. Yamkini yangeweza kumpita mtu yeyote aliyechoka.

"Umeyasikia maelezo," hakimu alisema. "Ni sahihi?"

"Sahihi, Mheshimiwa. Nilikuwa kwenye gari na mbao zilikuwepo." Akanyamaza kidogo. "Karatasi alikuwa nazo dereva."

Kalamu ya hakimu ilisimama. Aliinua macho kwa mara ya kwanza akamtazama vizuri.

"Karatasi zipi?"

"Alituonyesha wakati tunapakia. Mimi sikuzisoma. Mimi ni utingo, Mheshimiwa, nililipwa elfu kumi na tano kupakia na kushusha."

"Ulijua mbao hizo hazina kibali?"

"Nilijua zina karatasi."

Mwendesha mashtaka alisimama akitaka kusema jambo, hakimu akamwashiria aketi. Akamweleza mdogo wangu, kwa Kiswahili cha kawaida kabisa, kwamba kosa aliloshitakiwa si kuwa ndani ya gari. Kwamba maneno aliyoyasema sasa hayaendi pamoja na kusema ni kweli. Akamuuliza tena kama ameelewa. Kisha akatamka kile alichokuwa anakiandika: kwamba kauli ya kukiri imeondolewa na mahakama imeandika kuwa mshtakiwa amekana shtaka. Lote hilo halikuchukua hata robo saa, na nje ya benchi letu sidhani kama kuna mtu aliyeligundua. Aliyefuata kuitwa alikuwa na kesi ya bangi.

Nimehudhuria kesi zenye kamera nje na mabilioni ndani, lakini sijaona mahakama ikifanya kazi yake kwa uaminifu kuliko pale. Yule mama angeweza kuandika "amekubali maelezo" na kuendelea. Orodha yake siku ile ilikuwa ndefu. Alichokuwa nacho ni sikio na kalamu, na lugha. Hadi mwaka 2021, sheria ilipofanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, mshtakiwa wa mahakama ya wilaya alijibu kwa Kiswahili na kumbukumbu yake mara nyingi iliandikwa kwa Kiingereza, kwa kifungu kilekile kifupi kwa kila mtu. Maneno kama "karatasi alikuwa nazo dereva" yalikuwa rahisi kupotea njiani. Siku ile yaliandikwa yalivyotamkwa.

Dhamana ilitolewa: mdhamini mmoja, mkazi wa mkoa, mwenye barua ya mtendaji wa mtaa na kitambulisho cha NIDA. Hapo ndipo tulipotazamana. Tulikuja na fedha za faini, barua hatukuwa nayo. Baba mdogo alirudi Makambako peke yake, akamkuta mtendaji mkutanoni, akamsubiri mlangoni, akapata muhuri wake, akawa Njombe tena kabla ofisi ya karani haijafungwa. Mimi na shangazi tulikaa kwenye ngazi tukila mahindi ya kuchoma. Alifungua zile noti akazihesabu upya, akaniambia zitanunua mbegu.

Jioni tulirudi wanne. Ndani ya Kosta nilimuuliza mdogo wangu kwa nini alisema ni kweli.

"Dada," alisema, "nilidhani naulizwa kama nilikuwa kwenye gari."

Kesi yake bado ipo. Ilipangiwa maelezo ya awali, kisha mashahidi. Kama ana hatia au hana, hilo litaamuliwa kwa ushahidi utakaoletwa, na sina haki ya kuliamua hapa.

Lakini wewe msomaji mwenye ndugu mahabusu, kabla hujachanga faini, mtafute umuulize alifanya nini, na umwache amalize kujibu. Mwambie kwamba maelezo yakisomwa baada ya shtaka, anaruhusiwa kuyasahihisha, neno kwa neno, hata kama ameshasema ni kweli. Watafute wasaidizi wa kisheria wa wilaya yako. Wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na huduma yao ni bure. Beba barua ya mtendaji na kitambulisho cha mdhamini siku ya kwanza kabisa. Na kama ndugu yako ameshatiwa hatiani na mahakama ya wilaya kwa kauli aliyoitoa bila kuielewa, notisi ya kukusudia kukata rufaa inatakiwa ndani ya siku 10 tangu hukumu, na rufaa yenyewe ifike Mahakama Kuu ndani ya siku 45.